Wifi Yangu Usicheke na Nyota Aliyofutiwa

Yule waliyemweka mezani siku ya msiba si wifi yangu. Nilisema hivyo pale pale mbele za watu na narudia hapa, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Picha ilikuwa kubwa kama dirisha, fremu ya dhahabu ya uongo, maua huku na huku. Ndani yake kakaa mwanamke mwenye shavu laini kama yai la kumenywa. Nikauliza, huyu nani? Mtoto wa shemeji yangu, ndiye anayeshika studio siku hizi, akanijibu kwa ule upole wa kumjibu mgonjwa.

"Mama mdogo, si ndiye shangazi huyo? Tumemtengeneza kidogo tu kwenye kompyuta, apendeze."

"Kwani alikuwa hapendezi?"

"Sijasema hivyo, mama mdogo."

"Basi kovu lake liko wapi?"

Akatazama chini. Na wengine wote wakatazama chini, kana kwamba kovu limeanguka sakafuni na wao wanalitafuta.

Ndiyo maana nimeshika kalamu. Kuandika sikukuzoea, herufi zangu zinakwenda kama kuku kwenye tope, lakini nikinyamaza wajukuu watakua wakijua walikuwa na bibi mwenye shavu la yai. Hawakuwa naye. Walikuwa na Usicheke, na Usicheke alikuwa na kovu shavu la kushoto, limeanzia chini ya jicho likashuka mpaka karibu na mdomo, limechongoka kama ncha ya pasi, kwa sababu ni pasi ya mkaa iliyolichora. Nitafika huko.

Jina hilo alipewa na wateja. Alikuwa mpiga picha ndogo, zile za kubandika kwenye vitambulisho na fomu za shule, katika studio ya kaka yake mkubwa. Kutwa nzima anasimama nyuma ya kamera, mbele yake stuli na shuka jeupe limetundikwa ukutani, na maneno yake ni yale yale: kaa wima, tazama hapa, usicheke. Sasa mwambie mtu asicheke uone. Watu walikuwa wanapasuka. Wazee wazima na koti zao walikuwa wanajishika mbavu juu ya stuli ile, na yeye anasubiri uso mkavu, mkono kiunoni, anasema, "Mzee, ukimaliza harusi yako uniambie." Watoto wakawa wanampigia kelele barabarani, Usicheke, Usicheke, na yeye anaitika. Jina la kuzaliwa likabaki kwenye makaratasi tu.

Sisi sote tulikaa nyumba moja. Studio chini, mbele, inatazama barabara. Ua wa nyuma ndipo nilipokuwa nashona magodoro, sufi imenijaa puani mpaka leo nikikohoa naiona. Juu vyumba vya kulala. Juu kabisa paa la zege, unapanda kwa ngazi ya chuma, tunaanika nguo. Mume wangu, kaka yake Usicheke anayemfuatia mkubwa, alikuwa dereva wa lori, na nyumbani kwake alikuwa mgeni wa heshima. Kwa hiyo mtu niliyeishi naye hasa ni wifi. Tulitaniana tangu siku niliyoingia na sanduku langu. Yeye anasema magodoro yangu yamemkunja mgongo, mimi namwambia mgongo ulishakunjika kwa kuchungulia nyuso za watu. Akinipiga picha ananiambia, "Wifi, punguza kiburi, hakitoshi kwenye fremu."

Kaka mkubwa, mwenye studio, huyo sisi tulimwita Bila Doa. Yeye hapigi picha. Yeye anakaa mezani karibu na dirisha na kioo cha kukuzia, ana brashi yenye nywele tatu nne, wino, na kipande cha wembe. Vumbi likitua kwenye picha likaacha kidoa cheupe, anakijaza wino kwa ncha ya brashi. Kwenye filamu mambo yamepinduka, cheupe kinakuwa cheusi, basi akiona weusi asioutaka anaukwangua kwa wembe taratibu mpaka utoke. Alikuwa na mkono, sitamnyima haki yake. Lakini hakujua kuacha. Aliondoa chunusi, akaondoa makunyanzi, akaziba mapengo ya meno. Kuna mzee alirudisha picha zake akisema amepewa za mwanawe kwa makosa. Bila Doa akakaa siku nzima amenuna, ati watu hawajui uzuri.

Na Usicheke, dada yake wa tumbo moja, kila picha aliyopigwa katika studio ile ilitoka shavu zima. Ya kitambulisho, ya harusi yangu, ya sikukuu, zote. Siku moja karani wa ofisi fulani akamrudishia kitambulisho dirishani, akamwambia, "Huyu si wewe." Usicheke akamjibu, "Hata mimi nimewaambia." Alitusimulia tukacheka, lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wake, ulikuwa unalipapasa kovu lile kama mtu anayehakikisha funguo bado ziko mfukoni.

Basi mwaka mmoja redio ikatangaza kuna nyota yenye mkia. Wao waliiita kometi. Inaonekana jua likishazama, chini chini upande wa magharibi, na kila jioni inazidi kushuka na kufifia, na ikishaondoka haitarudi mpaka wajukuu wa wajukuu wetu wamezikwa. Tulipanda paani tukaiona. Mimi nilitegemea kitu cha kutisha. Kilikuwa kama alama ya chaki iliyofutwa kwa kiganja ikakataa kutoka.

Mama mkwe wangu ndiye aliyetaabika. Alikuwa amevunjika nyonga, hainuki kitandani, dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Alipokuwa mtoto aliwahi kubebwa mabegani na baba yake kuonyeshwa nyota ya namna hiyo, na maisha yake yote alikuwa anaisimulia, na sisi maisha yetu yote tulikuwa tunasema ndiyo mama huku tunakunja nguo. Sasa ile ya pili imekuja na yeye anatazamana na matofali. Kumpandisha ngazi ya chuma haiwezekani, daktari alisema akitikiswa tena hatainuka. Akamwambia Usicheke, si kwa kulia, kwa kuamuru, "Wewe una kamera. Niletee."

Usicheke akasema, "Nakuletea, mama."

Kamera yenyewe ilikuwa kuukuu, ya filamu, lenzi ya kawaida tu ya kupigia watu, mguu wake wa kusimamia ulishavunjika zamani. Mimi ndiye niliyemshonea kimto cha turubai nikakijaza mchanga, tukakiweka juu ya ukuta wa paa, kamera ikalalia humo kama mtoto. Shida ikawa kidole. Ukibonyeza, kamera inatikisika, nyota inatoka kama imelewa. Usicheke akafikiri, akachukua kadi nyeusi, akaziba lenzi kwa mkono mmoja. Anafungua kamera ikae wazi, anangoja mtikisiko uishe, ndipo anaiondoa kadi polepole kama mtu anayefunua sufuria asitoe mvuke, anavuta pumzi chache, anarudisha kadi. Akizidisha pumzi nyota zinavutika zinakuwa vijiti, kwa sababu mbingu haisimami ikusubiri. Filamu ilikuwa ya wateja, zimebaki picha chache mwishoni. Akaimaliza pale, akaiosha yeye mwenyewe usiku ule ule katika chumba cha giza, akaitundika ikauke. Asubuhi akatumwa kwenda kupiga picha za watoto shuleni.

Aliporudi nilikuwa chumbani kwa mama namlisha uji. Akaingia Bila Doa nyuma yake, ana bahasha, anatabasamu kama bwana harusi.

"Mama, nimekukamilishia kazi ya dada. Imenichukua asubuhi nzima."

Mama akaipokea, akaisogeza kwenye macho, akaisogeza mbali. Mapaa ya nyumba yalionekana, kamba ya nguo, shati la mume wangu. Juu yake mbingu nyeusi laini kama kitambaa cha buibui kipya.

"Nzuri," akasema mama. "Iko wapi?"

Usicheke akaichukua. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiondoka ukabaki mwili. Akasema, "Kaka, umefanya nini?"

"Ilikuwa chafu. Vumbi tupu, na lile doa refu pale juu. Nilifikiri maji yalichuruzika kwenye filamu."

"Filamu nayo?"

"Nimekwangua zote vizuri, huwezi kujua."

"Kaka, zile zilikuwa nyota."

"Nyota ziko juu," akasema Bila Doa. "Kwenye picha yangu ni vumbi."

Nilitegemea atapiga kelele. Usicheke hakupiga kelele. Alimwekea mama shuka vizuri, akashuka studio, nikamsikia akimwambia mteja akae wima, atazame hapa. La kucheka hakulisema. Mimi bakuli la uji lilikuwa mkononi na nasema ukweli, nilikipima kichwa cha shemeji kwa macho, nikaona uji ni wa mama.

Jioni ile mawingu. Jioni iliyofuata mawingu. Redio ikasema nyota imebakiza siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, itapotelea kwenye mwanga wa jua. Bila Doa akasema filamu ni za wateja, mchezo umekwisha. Usicheke akanunua yake. Mawingu yakafunguka, na hapo likaja jambo jingine: nyota sasa imeshuka chini sana, na pale chini ndipo ilipokuwa inawaka taa ya kibao cha studio, nyekundu na bluu, Bila Doa ameiweka ili barabara nzima imjue. Mwanga wake unapanda mpaka paani, unamwagikia lenzi, unaosha mbingu yote. Usicheke akashuka kumwomba aizime kidogo tu. Akamjibu kwamba jioni ndipo wateja wanapotoka kazini. Akapanda tena, akasimama kwenye ukuta na kadi yake nyeusi mkononi.

Nikamwuliza, "Unahitaji giza kwa muda gani?"

"Mpaka nimalize, wifi."

Nikashuka. Swichi kuu ya nyumba iko chini ya ngazi. Nikaivuta. Studio giza, ngazi giza, ua giza, redio ya jirani aliyekuwa akila umeme wetu ikakata neno katikati. Nikapanda nusu ya ngazi za ndani, nikakaa katikati, magodoro yalinipa mabega, ngazi ilijaa.

Bila Doa akaja anapapasa ukuta.

"Nani kazima umeme?"

"Mimi."

"Shemeji, kuna watu studio."

"Wakae. Giza halijamla mtu."

"Washa."

"Njoo uwashe. Swichi iko nyuma yako hapo, ila ukiiwasha nitaizima, ukiwasha nitazima, tutacheza hivyo mpaka nyota itue. Na paani hupandi."

"Hii nyumba yangu."

"Ya mama yako. Yuko hai, muulize."

Kutoka chumbani mama akasema, "Msinitaje kwenye ugomvi wenu." Halafu akaongeza, "Lakini taa zisiwashwe."

Bila Doa akacheka kwa pua. "Yote haya kwa kidoa kimoja."

Hapo ndipo hasira iliponipanda hadi utosini. Nikamwambia lile ambalo nyumba ile ilikuwa imelikalia miaka yote kama kuku juu ya yai viza. Kwamba alipokuwa mtoto aliachiwa dada yake mchanga amwangalie, na pasi ya moto iko mezani, na akaambiwa asiiguse, akaigusa, ikamwangukia mtoto shavuni. Wote tulijua. Hakuna aliyemlaumu, alikuwa mtoto. Sikumlaumu hata mimi.

"Kwa pasi sikulaumu, shemeji," nikamwambia. "Nakulaumu kwa brashi. Miaka yote unamfuta shavu ili wewe upate usingizi. Kovu ni la aliyeungua, si la aliyeunguza. Si lako kulifuta. Na sasa umemaliza duniani, umepanda mbinguni unakwangua."

Nikamsikia akikaa ngazi ya chini. Tukakaa hivyo, mimi juu yeye chini, gizani, kama abiria waliokosana. Watu wanasema niliyasema bila kukusudia. Nilikusudia kila neno, na sijajuta mpaka leo.

Juu nikasikia mlio wa kamera. Kimya. Mlio. Halafu Usicheke akaita, "Wifi, panda. Imebaki moja kwenye filamu."

Alikuwa amekaa kwenye beseni la kufulia lililopinduliwa, amewasha kandili, ameiweka upande wa kushoto, upande wa kovu. Kamera juu ya kimto inamtazama. Akanifundisha: bonyeza, shikilia, achia. Nikaweka jicho. Nikamwambia kwa sauti yake mwenyewe, "Kaa wima. Tazama hapa. Usicheke."

Akacheka. Kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara, mpaka mama kule chini akauliza kuna nini.

Filamu hii aliiosha na mlango umekomewa, na picha akazitoa mwenyewe. Asubuhi alimpelekea mama ikiwa bado ina unyevu. Mapaa yale yale, kamba ya nguo. Juu yake nyota zimetapakaa ovyo, na chini kabisa, karibu na bomba la moshi la kiwanda cha sabuni, alama ile ya chaki na mkia wake. Tulisimama wote, hata Bila Doa alikuja akasimama mlangoni. Mama akaitazama mpaka nikaanza kuogopa.

"Niliyoiona mimi," akasema, "mkia wake ulikuwa mrefu. Ulifika kwa jirani."

"Ndiyo, mama," akasema Usicheke.

"Hii ni mtoto wake." Akasogeza kidole. "Na hiki kilichopinda hapa?"

"Unywele, mama. Uliingia kwenye filamu. Naweza kuuondoa."

"Uache."

Akaitia chini ya mto. Akaniita mimi, si wanawe, akanong'ona kwa nguvu ya kusikika mlangoni, "Mwambie yule mwenye brashi asiiguse." Bila Doa akasema tu kwamba ina vumbi, akashuka kazini. Hilo ndilo neno lake la pekee, na msamaha sikuusikia. Mama alilala juu ya nyota ile mpaka alipotutoka, na picha ilipotolewa chini ya mto ilikuwa imekunjika pembe zote. Ninayo.

Nilimwambia Usicheke aihame studio ile. Nilimwambia mara nyingi, kwa ukali. Akaniambia, "Nihamie wapi, wifi? Huko nani atawakataza watu kucheka?" Akabaki mpaka macho yalipomchosha. Picha zake za vitambulisho ziliendelea kutoka shavu zima, kwa sababu yule bwana aliendelea, na yeye hakugombana tena. Wanasema alikuwa mpole. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kila alipopewa picha mpya aliiweka kabatini kifudifudi.

Sasa turudi msibani, maana bado nilikuwa nimesimama mbele ya ile meza.

Sikuivunja ile picha kubwa, nimesikia inasemwa hivyo, ni uongo. Nilipanda chumbani kwangu, nikatoa nyuma ya kioo cha kabati picha ndogo, ile niliyoipiga mimi. Mdomo umeyumba kwa kicheko, kichwa kimekatika juu kidogo, unywele mmoja wa vumbi unapita angani. Lakini shavu limetulia, kandili inalimulika, na kovu lipo lote, ncha yake na kona zake. Nikashuka nayo, nikaichomeka mbele ya kioo cha ile fremu ya dhahabu, katikati, juu ya yule mwanamke wa yai. Nikamwambia mtoto wa shemeji, "Wifi yangu huyu hapa. Yule mwingine mrudishe kwao."

"Mama mdogo, hiyo haionekani vizuri."

"Sogea karibu."

Watu wakawa wanasogea. Walioijua sura yake walikuwa wanafika pale, wanaitazama, midomo inawacheza, maana ukimwona anacheka huwezi kujizuia, hata msibani. Bibi mmoja mteja wa zamani alisema kwa sauti, "Usicheke mwenyewe kacheka," na chumba kizima kikatoa mguno ambao si kilio.

Bila Doa alikuja mwisho, na fimbo yake, mzee sasa. Akavutiwa kiti mbele ya meza. Akakaa akaitazama ile picha ndogo kwa muda, na mimi nikasimama nyuma yake, mikono nimeifunga kifuani, kwa sababu namjua. Akatoa leso mfukoni. Akainyoosha kuelekea picha, polepole, kona ya leso kwenye kidole kimoja, kama anavyoshika brashi.

Nilikohoa tu, sufi yangu ya zamani.

Mkono ukasimama hewani. Kisha akaikunja leso, mara nne, akairudisha mfukoni, na mikono yote miwili akaiweka juu ya fimbo.